Mizabibu ya Rasi: siku saba za mkulima wa Mpunguzi

Siku ya 1. Cape Town

Mizabibu ya kwanza niliiona kutoka angani. Ndege ilikuwa inainama kuelekea Cape Town, chini vilima vimekauka rangi ya nyasi za kwetu mwezi wa Septemba, na katikati ya ukavu ule vipande vya kijani vimepigwa mistari kama daftari la darasa la kwanza. Nikaanza kuhesabu. Ukilima zabibu huwezi kupita shamba la mwenzako bila kuhesabu mistari.

Nina ekari mbili Mpunguzi, barabara ya Iringa ukitoka Dodoma mjini. Marehemu baba alijifunza kupogolea kwa mapadre wa Bihawana, nami nikajifunza kwake nikiwa bado nashika mkasi kwa mikono miwili. Miaka 19 sasa nauza zabibu kwa kilo. Mwaka mmoja mnunuzi aliniahidi lori Jumatatu, likafika Alhamisi. Kreti zilikuwa zimekaa chini ya mti siku tatu, maji yanachuruzika, nyuki wamefunika kila kitu, harufu ya kuchacha unaisikia ukiwa barabarani. Akazikataa zote. Usiku ule nilimwambia mdogo wangu kwamba nitanunua hisa za kikoba mpaka zitoshe nauli, niende Afrika Kusini nikaone nchi inayotengeneza mvinyo kwa zaidi ya miaka 350 inafanyaje. Imenichukua miaka minne.

Dereva wangu ni Mkongo wa Lubumbashi anayeishi Bellville, kitongoji ambacho ukipita kwenye saluni na maduka ya simu unasikia Kiswahili na Kilingala kama uko Kalemie. Kila mtu anamwita Papa, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mama tangu aliposhika begi langu. Tulipatana siku saba, mafuta juu yangu, chakula kila mtu ajitegemee. Mpaka mwisho wa safari tulikuwa tunakula sahani moja.

Jioni alinitembeza katikati ya mji. Bustani ya Kampuni bado ipo, ile waliyoianzisha Waholanzi wa Kampuni ya India Mashariki mwaka 1652 ili meli zao ziendazo Asia zipate mboga njiani. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa kiseyeye, na iliaminika mvinyo unasaidia. Kwa hiyo Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo, akapanda mizabibu mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 akaandika kwenye shajara yake akimshukuru Mungu kwamba zabibu za Rasi, yaani Cape, zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Hilo nilikuwa nalijua, nimelisoma. Nisilolijua ni kilichopo hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa kanisa: mawe 11 ya granaiti yaliyochongwa majina na maneno. Majina ni ya watumwa. Nilizunguka jiwe moja hadi jingine nikiyasoma kwa kidole, na Papa akakaa pembeni, hakusema neno.

Siku ya 2. Constantia

Asubuhi tulizunguka nyuma ya mlima hadi Groot Constantia, shamba kongwe kuliko yote ya mvinyo nchini, lililoanzishwa na gavana Simon van der Stel mwaka 1685. Mahali penyewe pana baridi ya kupendeza. Upepo wa bahari unapanda bondeni unapoza majani, na nilielewa mara moja kwa nini alipachagua. Zabibu inayoiva polepole inabaki na ukali wake. Kwetu jua linaivisha kwa haraka na ukichelewa siku tano sukari imepanda, uchachu umekwisha.

Nyumba kuu ni nyeupe, paa la nyasi, mbele ina ukuta uliochongwa mawimbi. Nyuma yake kuna jengo la zamani la mvinyo, na ndani yake hewa ni ya ubaridi wa chungu cha maji. Hapa ndipo palipotoka mvinyo mtamu wa Constantia uliosifika Ulaya nzima karne ya 18 na ya 19. Napoleon alipofungwa kisiwani St Helena alikuwa analetewa huu. Baadaye ukapotea, mizabibu ikaliwa na wadudu wa mizizi, na ni miaka ya 1980 tu ndipo shamba jirani la Klein Constantia lilipoufufua. Nilionja kijiko kimoja. Nikapata ganda la chungwa lililokaushwa juani, nikapata asali ya nyuki wadogo, halafu mwishoni kitu chenye ukali kama ukwaju kikasafisha mdomo. Utamu bila ukali huo ungekuwa shira tu.

Lakini siku hii niliibeba kwa jambo jingine. Kati ya mwaka 1652 na 1808 Rasi iliingiza watu zaidi ya 60,000 kama watumwa. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Msumbiji kupanda juu. Mwaka 1776 hadi 1778 meli za Waholanzi wa Rasi zilifika hadi pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watu. Hao ndio walioichimba mitaro hii, wakaipanda mizabibu hii, wakazikanyaga zabibu hizi kwa miguu. Mzungu aliyeandika shajara amebaki kwenye vitabu. Waliofukua ardhi wengi walinyang'anywa hata majina yao. Waliandikwa kwa mwezi walionunuliwa, au kwa mahali walikotoka, fulani wa Msumbiji, fulani wa Bengali.

Nilikaa kwenye benchi chini ya mti wa mwaloni nikawafikiria. Inawezekana kabisa mmoja wao, akiinama kwenye mstari kama ule uliokuwa mbele yangu, alinung'unika kwa lugha hii ninayoiandika. Sikujua kwamba nimekuja kwenye mashamba ya ndugu zangu.

Siku ya 3. Stellenbosch

Tuliondoka saa kumi alfajiri maana nilikuwa nimeomba kuvuna. Shamba lenyewe ni la familia, liko kwenye miteremko ya Simonsberg, na msimamizi alikubali baada ya Papa kumweleza kwamba mimi si mtalii wa glasi, ni mkulima. Februari ndiyo katikati ya mavuno huku. Wanaanza gizani na taa za kichwani, kwa sababu zabibu ikivunwa ya baridi inafika kiwandani haijaanza kuchacha. Nilipoliona hilo moyo uliniuma. Zile siku tatu chini ya mti zilinirudia zote.

Wavunaji wengi ni wanawake. Nilipangwa na mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa kama wa kwetu. Mkasi wake una mipini myekundu, ncha fupi. Hakati kikonyo kwa kukivuta. Anaingiza mkono wa kushoto chini ya kichala kama unavyopokea kichwa cha mtoto mchanga, anakihisi uzito, ndipo anakata, na kwa mwendo ule ule kidole gumba kimeshaondoa punje mbili zilizooza. Sikusikia kichala hata kimoja kikianguka kwenye kreti, alikuwa anavilaza. Nilijaribu kwenda kasi yake nikashindwa. Kila kreti ikijaa anapewa kipande cha plastiki, anakitia mfukoni mwa aproni, na jioni vinahesabiwa.

Mwisho wa kila mstari kumepandwa waridi. Watalii wanazipiga picha, na ni nzuri kweli, ila kazi yake ya zamani ni ulinzi: ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unaonekana kwenye waridi kabla haujaingia kwenye mizabibu, mkulima akapata siku chache za kujiandaa. Nimeamua nitapanda.

Saa tatu tulipumzika. Mama yule alinipa nusu ya mkate wake, mimi nikampa karanga nilizotoka nazo nyumbani. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga tukaulizana habari. Jina lake la ukoo ni la mwezi wa kalenda. Nililijua kabla hajamaliza kulitamka, nikaukumbuka ule mti wa mwaloni wa jana. Huku watu wenye majina ya ukoo kama September au February ni wengi, na wao wenyewe wanajua lilikotoka. "Kwenu watu wanaitwaje?" akaniuliza. Nikamwambia kwetu mtoto anaweza kupewa jina la mvua, la njaa, la njia aliyozaliwa mama akiwa safarini. Akafikiri, akasema la mvua ni zuri.

Alinieleza pia kuhusu dopi. Nilikuwa nimesikia neno hilo kwa Papa. Toka enzi za utumwa, mashamba ya mvinyo yalikuwa yanamlipa kibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo hafifu, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, mara kadhaa kwa siku. Sheria ilipiga marufuku miaka ya 1960 lakini mashambani desturi iliendelea miaka mingi baadaye. Baba yake alikipokea kikombe hicho tangu akiwa kijana mdogo. Yeye hajawahi kugusa pombe maishani, na amevuna zabibu za mvinyo tangu alipoacha shule. Mpaka leo mkoa huu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi zaidi waliodhurika tumboni kwa pombe. Naliandika hili kwa sababu ukisoma vipeperushi vya hoteli hulioni, nasi Dodoma tunaojenga zao hili tunapaswa kulijua mapema: mvinyo ni biashara, kamwe usiwe mshahara.

Mchana miguu haikuwa yangu. Nilisaidia kubeba hadi kwenye trela, nikavua kofia, nikamuaga mama wa September kwa kumshika mikono yote miwili. Ilikuwa inanata sukari, kama yangu.

Siku ya 4. Stellenbosch tena

Leo ya kukaa mjini. Stellenbosch ilianzishwa mwaka 1679, mitaa yake imefunikwa na mialoni, mifereji ya maji inapita kando ya barabara. Ni mji wa chuo kikuu, na chuo hicho ndicho nilichokuja kukiona.

Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichavusha zabibu mbili, Pinot Noir na ile waliyokuwa wanaiita Hermitage huku, kwingine Cinsaut. Alitaka ladha ya ile ya kwanza na ugumu wa ile ya pili. Akapata mbegu nne, akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo. Kisha akahamia kazi nyingine na bustani ikaota magugu. Vibarua walipokuja kufyeka, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, ndiye aliyeiokoa ile miche minne. Imekuwa Pinotage, zabibu ambayo Afrika Kusini inaiita yake, na chupa ya kwanza yenye jina hilo ilitoka sokoni mwaka 1961. Miaka 36 kutoka mbegu hadi jina kwenye chupa.

Niliionja mahali pawili. Pa kwanza sikuipenda, ilikuwa na moshi mwingi. Pa pili nilipata zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, na nyuma yake harufu ya ardhi ikipata mvua ya kwanza. Nikanunua chupa moja.

Nimekuwa nikiwaza Makutupora siku nzima. Tuna kituo chetu cha utafiti wa zabibu pale, tuna zabibu nyekundu inayobeba jina la mahali hapo hapo, Makutupora Red, na wakulima tunaipanda kwa maelfu ya miche. Ni chupa ngapi umeziona zikilitaja jina hilo kwa fahari mbele? Sisi tunaiuza kama kilo, ikifika kiwandani inakuwa mchuzi wa zabibu, na mchuzi ukishaingia kwenye tangi hauna baba wala mama.

Siku ya 5. Franschhoek na Paarl

Franschhoek maana yake kona ya Wafaransa. Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walipewa ardhi hapa mwaka 1688. Bonde ni zuri mno, milima pande tatu, na kuna tramu inayozungusha wageni shamba hadi shamba. Bei za kuonja zilinishinda. Tulikunywa chai tuliyobeba kwenye chupa, tukaendelea.

Barabara ya kwenda Paarl inapita mbele ya gereza ambalo zamani liliitwa Victor Verster, sasa Drakenstein. Pande zote ni mizabibu. Kwenye lango kuna sanamu ya Mandela, ngumi juu. Hapa ndipo alipotoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, na mimi nilikuwa darasa la tatu. Baba alituita wote tukae karibu na redio. Nilisimama pale nikaona kitu ambacho redio haikusema: alipotoka, hewa aliyoivuta ilikuwa na harufu ya zabibu zilizoiva. Ilikuwa Februari, msimu wa mavuno. Papa alipiga picha, akaniomba nami nimpige.

Paarl maana yake lulu, kwa sababu ya jabali kubwa la granaiti juu ya mji ambalo mvua ikilipiga linang'aa. Hapa kuna historia ambayo kila mwanachama wa ushirika wa zabibu Dodoma angefaa kuisikia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Rasi walikuwa wamepanda kupita kiasi, bei imeanguka, mvinyo unamwagwa. Mwaka 1918 wakaunda chama kikuu cha ushirika, KWV, kikapewa nguvu ya kisheria mwaka 1924, kikawa kinapanga bei ya chini na kuchukua ziada yote kuigeuza brandi. Mkulima akapata uhakika. Lakini uhakika huo ulikuwa na upande wa pili: kwa kuwa kila lita ilikuwa na mnunuzi, wengi walilima wingi bila kujali ubora, na mgawo wa nani apande wapi uliwabana waliotaka kujaribu maeneo mapya. Mgawo huo ulifutwa mwaka 1992. Na ushirika ule ulikuwa wa wenye ardhi, yaani Wazungu. Mama wa September na wenzake hawakuwa na kura.

Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa akipeleka zabibu kwenye ushirika wa eneo lake miaka 40. Nikamuuliza swali lililonileta: zabibu zako ziliwahi kuozea shambani kwa kukosa lori? Akasema hapana, hata mara moja. Kisha akaongeza kwamba katika miaka 40 hiyo hajawahi pia kuonja mvinyo wa shamba lake peke yake. Ulikuwa unachanganywa.

Tukirudi kwenye gari nikamsimulia Papa. Akanyamaza mpaka tulipoingia barabara kuu, akasema, "Mama, huku banauzisha jina, haiko pombe."

Nikatoa daftari nikapiga hesabu. Kilo moja na ushei ya zabibu inatoa chupa moja ya mililita 750. Chupa niliyonunua jana, ambayo haikuwa ya ghali, ni sawa na bei ya kilo 15 za zabibu zangu. Toa gharama ya chupa, kizibo, karatasi, kodi, umeme, mtaalamu. Bado kuna kilo kadhaa pale katikati zinazolipwa kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye karatasi.

Siku ya 6. Swartland

Kama ningekuwa na siku moja tu ya kutumia nchi hii, ningeitumia hapa.

Ukiacha Paarl ukaelekea kaskazini, miti inapungua, mashamba ya ngano yaliyovunwa yanakuwa ya dhahabu, na joto linapanda. Swartland maana yake nchi nyeusi, kutokana na kichaka cha asili ambacho mvua ikinyesha kinageuka cheusi. Nilishuka kwenye gari karibu na Riebeek-Kasteel, vumbi likanipiga, nikajisikia niko nyumbani.

Mizabibu huku mingi haina nguzo wala waya. Inasimama yenyewe kama kichaka, shina nene limejipinda, matawi yametandazwa pande zote kama mkono uliofunuliwa. Wala hamna mpira wa maji. Inaishi kwa mvua ya majira ya baridi tu, na kwa mizizi iliyoshuka chini sana. Ukame wa mwaka 2015 hadi 2018, ule uliofanya Cape Town ijiandae kufunga mabomba, mizabibu hii ilitoa kidogo, ila haikufa.

Mkulima aliyenipokea ana mizabibu iliyopandwa kabla yeye hajazaliwa. Kuna mradi unaosajili mizabibu yenye miaka 35 na kuendelea, na chupa yake inabandikwa muhuri wenye mwaka shamba lilipopandwa. Zamani mzabibu mzee uling'olewa kwa sababu unazaa kidogo. Sasa watu wanalipa zaidi kwa ajili ya uzee wake.

Nilipoinama kwenye mzabibu wa kwanza niligeuza jani, na mkono ulijua kabla ya kichwa. Meno ya pembeni yale yale, manyoya laini ya chini yale yale, kikonyo chenye wekundu hafifu. "Hii ni Chenin," nikamwambia. Akacheka kwa furaha. Wao kwa miaka mingi waliiita Steen, na ilikuwa miaka ya 1960 ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba Steen ni Chenin Blanc ya Ufaransa. Ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini. Na mimi ninayo mistari kumi nyumbani! Miaka yote nimeiona kama zabibu nyeupe ya kawaida, ya kuongezea uzito kwenye mzani.

Nilimweleza kwamba sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hakuamini. Mzabibu wa kwake unalala majira ya baridi, unapogolewa Julai, unaamka Septemba. Wa kwetu haujui baridi. Mimi ndiye ninayeuamsha kwa mkasi. Nikipogolea, baada ya miezi minne hivi navuna. Akauliza mashina yangu yanadumu vipi bila usingizi. Lilikuwa swali la mtu anayejua mizabibu, nikamjibu kweli: yanachoka, na mavuno ya masika ubwiri unayasumbua. Akaniuliza kwa nini nisiache mistari michache ipumzike mvuno mmoja, ivunwe kiangazi peke yake, zabibu zitoke chache na nzito. Nikasema kwa sababu nalipwa kwa kilo.

Hakuwa na la kusema, nami sikuwa nalo. Akaenda ndani akarudi na chupa isiyo na karatasi.

Tulikunywa tukiwa tumesimama kati ya vichaka vile. Rangi ya nyasi kavu. Ladha ya pera, lile pera la njano la mwisho kabisa wa msimu, halafu chumvi kidogo kama umelamba jiwe, na mdomo ukabaki na maji. Nilifumba macho. Hii ni zabibu yangu, nikawaza, hii hii. Ninayoipakia kwenye kreti na kuisahau.

Nilitamani kuomba pingili tano nikapande. Haikubaliki kuvusha pingili mipakani bila karantini, na sababu yake ni ya kweli: mdudu wa mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya alisafiri na miche, akafika Rasi mwaka 1886, wakalazimika kuanza upya kwa kupandikiza kwenye mashina ya Kimarekani. Mizabibu yangu nimeipanda pingili moja kwa moja ardhini. Sitauleta ugonjwa kwa tamaa yangu. Nilichukua kiganja cha udongo, nikaunusa, nikaurudisha.

Siku ya 7. Kurudi

Ndege ni jioni. Papa alinipeleka dukani nikanunua mikasi miwili ya mipini myekundu, mmoja wangu mmoja wa mdogo wangu. Pale pale nikaikuta chupa niliyokuwa naitafuta toka siku ya kwanza: Aslina. Ni ya Ntsiki Biyela, binti wa Kizulu kutoka kijiji cha KwaZulu-Natal ambaye alikuwa hajawahi kuonja mvinyo alipopata ufadhili wa kuja kuusomea Stellenbosch. Alianza kazi ya kutengeneza mvinyo mwaka 2004, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo nchini, na baadaye akaanzisha wa kwake. Aslina ni jina la bibi yake aliyemlea.

Niliishika ile chupa muda mrefu. Muuzaji akadhani nahofia bei.

Papa hakutaka kupokea malipo ya siku ya saba. Tulibishana hadi mlangoni mwa uwanja, mwishowe akapokea nusu, na ile nusu nyingine nikamwachia kama zawadi ya watoto, ambayo hangeweza kuikataa. Akasema akija Dodoma atataka kuvuna.

Kabla ya kupanda nilimpigia mdogo wangu. "Mbukwenyi, dada," akanisalimia kwa Kigogo, nyuma yake nasikia kuku na upepo. Zabibu nyekundu zimeanza kubadilika rangi, alisema. Ubwiri umeonekana mstari wa tatu, ameshapuliza. Mnunuzi amepiga simu kuuliza makadirio ya kilo, na yeye amefungua lile daftari letu ambalo kila mstari wa shamba tunaandika mbele yake jina la anayenunua.

Nikamuuliza mistari minne ya Chenin ya mwisho, upande wa mbuyu, ikoje. Nzuri, akasema, kavu, haina ugonjwa.

"Hiyo usimpe mtu."

"Niandike nani, dada?"

Nikamwambia aandike jina la baba.